Vidonge Ndani ya Debe la Mbegu

Bweni la Wanafunzi wa Udaktari,
Dar es Salaam,
10 Novemba 1974

Mama mkubwa wangu Paskalia,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya Agosti niliitoa mbio mbio, Petro akinipigia honi ya lori lake la kabichi. Mimi sijambo, ila joto la huku linanitesa. Mtoto wa Mgeta nimelelewa na mablanketi mawili, huku hata shuka ni adhabu. Chakula ni ugali wa yale mahindi ya njano, asubuhi njano, jioni njano, lakini mwaka huu nchi nzima inalia njaa, kwa hiyo tunakula na kushukuru. Nisalimie Yustina jirani na mwenyekiti Dominiko.

Sasa nije kwenye jambo. Mwezi huu tumeingizwa wodi ya magonjwa ya viungo, ndiyo hii nyumbani tunaita baridi yabisi. Mwalimu wetu ni Dokta Yunusi, mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Siku ya kwanza tulisimama wanafunzi saba kuzunguka kitanda cha mama mmoja, Bi Asha, muuza mihogo ya kukaanga pale Mikese mabasi yanaposimama. Tukataka kuanza kumminya magoti. Dokta akasema, "Mbona hamjamsalimu?" Akamwamkia yeye, akanyoosha mkono. Bi Asha hakutoa kiganja. Alitoa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya sote mkono ukiwa na unga au matope. Akasema, "Niwie radhi baba, mkono wangu mchafu." Nikautazama. Ulikuwa safi kabisa, umeoshwa. Dokta akatugeukia: "Haya, mgonjwa amewaambia nini?" Tukaanza kufungua madaftari. Akasema, "Amewaambia kila kitu."

Mama mkubwa, nikaikumbuka mikono yako. Agosti uliponipokea ulinipa kifundo, ukasema umetoka kukanda unga. Pasaka ulinipa kifundo, ukasema umetoka bustanini. Krismasi kabla ya hapo vile vile. Na mimi, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, nikashika kifundo mara tatu nikicheka kama zuzu.

Vidole vyako vikoje? Asubuhi unafunga kanga mwenyewe? Njegere unamenya? Tangu mama Modesta alipofariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, wewe ndiye mama, na hujawahi kunificha neno. Usianze leo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanao,
Severini


Mgeta,
6 Desemba 1974

Severini mwanangu,

Marahaba zote mbili. Hatujambo. Mvua zimeanza. Kabichi zimeshika. Yustina amepata mjukuu wa kike. Dominiko amewekewa meno ya bandia mjini, akihutubia habari za Ujamaa yanataka kutoka, watu wanakaa mbali.

Mikono yangu ni ya mkulima. Ulitaka iwe ya karani? Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe hata hujaumwa, umesomeshwa tu habari za nyoka, umeshaanza kurukaruka.

Kanga nafunga. Njegere namenya. Wewe soma.

Barua fupi kwa kuwa wino umekwisha. Niliianza Jumatatu, leo Ijumaa, kazi ni nyingi.

Mamako,
Paskalia, mwanakisomo


Dar es Salaam,
21 Desemba 1974

Mama mkubwa,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Mwaka huu sitakuja, nimepangiwa wodini sikukuu nzima. Utanilia pilau yangu. Mwambie Yustina hongera ya mjukuu, na Dominiko mwambie ayavue meno kabla ya kutaja siasa.

Hati yako nimeiona, nikaiweka kando ya barua ya mwaka jana uliyoniandikia siku ile mwalimu wa kisomo cha watu wazima alipokusifu mbele ya darasa. Sisemi kitu. Wino hauishi hivyo.

Petro anakuletea kopo la aspirini. Hii ndiyo dawa yenyewe ya viungo vilivyovimba, usiidharau kwa kuwa ni ya kawaida. Meza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, baada ya chakula. Usiruke hata siku moja. Asubuhi loweka mikono kwenye maji ya moto mpaka ilegee. Nataka uniandikie kila mwezi unavyoendelea. Hiyo ni amri ya daktari, na daktari ni mimi, japo bado mwaka mmoja na kitu.

Mwanao anayekupenda,
Severini


Mgeta,
17 Februari 1975

Mwanangu Severini,

Marahaba. Anayeandika ni Yustina, mimi nasema tu, kwa sababu nimejikata kidole na mundu. Kidonda kidogo, usianze.

Mzigo ulifika salama, Mungu akubariki, na Petro tulimpikia maharage mabichi akasifu mpaka akaongezewa. Njaa huku si kali kama ya kwenu mjini, viazi vipo, ila unga ni wa kupimiana. Tunakula mara moja, siku nyingine mara mbili.

Jambo lililoniuma nikuambie. Kwenye mkutano wa kijiji walisoma majina ya waliokosa kwenda shamba la kijiji, na langu lilisomwa mara tano. Kijana mmoja wa kamati akasimama akasema katika kijiji cha Ujamaa hakuna nafasi ya kupe. Kupe! Mimi Paskalia niliyelima matuta ya mlima huu kabla baba yake hajabalehe! Nikamjibu kupe ni mjomba wako. Watu wakacheka, lakini niliporudi nyumbani nilikaa jikoni nikalia. Sikusema kwa nini sikwenda. Ningesema jembe halishikiki, wangeanza kutafuta nani kaniroga.

Mimi Yustina naongeza la kwangu: vidonge kaviweka ndani ya debe la mbegu, kopo hata halijafunguliwa.

Mstari huo Yustina kauandika nimegeuka kuchochea moto. Nimeukata kwa kalamu. Usiusome.

Mamako Paskalia, kwa mkono wa Yustina msaliti


Dar es Salaam,
2 Machi 1975

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeusoma.

Miezi miwili! Nimekupiga picha kichwani kila siku ukimeza dawa, kumbe unazilinda na panya. Hivi unajua kinachotokea humo ndani ya vidole wakati unanyamaza? Kiungo kinaliwa, mama, na kikishaliwa hakirudi. Nawaona hapa wanawake wa umri wako hawawezi kushika kijiko. Huogopi? Au unaona mimi bado yule Severini wa kuchunga mbuzi, sijui nisemalo?

Mgonjwa wa namna hii sisi huku tunamwandika neno moja kwenye faili lake: mkaidi. Bi Asha wa Mikese, aliyerudishwa wodini, nimemwandika hivyo hivyo wiki hii, maana naye anachezea dawa. Sikutegemea nitakuja kuliandika nikikufikiria wewe.

Mama yangu mzazi angekuwa hai angemeza, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Severini


Dar es Salaam,
27 Aprili 1975

Mama mkubwa wangu,

Shikamoo. Pasaka imepita bila barua yako, na mimi ndiye niliyeifukuza. Petro kaniambia amekuona misani, mikono umeificha ndani ya kanga. Nimemuuliza kama ulisema neno lolote la kuniletea. Akasema ulisema, "Mwambie salamu." Hiyo ni zaidi ya ninavyostahili.

Nikueleze aibu yangu. Dokta Yunusi alifungua faili la Bi Asha akakuta neno langu. Akaliona, akalisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, "Mkaidi." Akaniuliza, "Ulimuuliza kwa nini?" Nikajibu nilimweleza umuhimu wa dawa. Akasema, "Sijauliza ulimweleza nini." Akaniletea kigoda kwa mkono wake mwenyewe, akasema nikae hapo, nisiseme neno, mpaka mgonjwa amalize.

Nikakaa. Bi Asha alinitazama kwanza kama ananipima. Halafu akasema, "Baba, mlisema mara tatu baada ya chakula. Mimi nyumbani nakula mara moja. Kwa hiyo nikameza mara moja. Nilifuata mlivyosema." Basi. Ndiyo ukaidi wake huo. Nimelikata neno lile kwa wino, lakini bado linasomeka, na Dokta kakataa kunipa karatasi nyingine.

Mama, nilikuandikia neno baya, na nikamtia marehemu katikati. Nisamehe. Sasa na kwako nimeleta kigoda. Kwa nini humezi? Sitabishana, sitakufundisha. Uniambie, na kama hutaki kuniambia, basi niambie hutaki.

Mwanao,
Severini


Mgeta,
25 Mei 1975

Severini,

Hii naiandika mwenyewe. Yustina sikumwita. Naandika jua likishapanda na vidole vikishalegea, mistari mitatu, minne, kisha napumzika. Ni wiki ya tatu sasa. Sikujikata na mundu. Vidole vya kulia vimelalia upande, asubuhi havifungi kanga wala havifungui, na njegere anamenya Yustina. Umeshajua hayo, lakini nimeona niyaseme kwa mkono huu huu.

Nimekusamehe siku ile ile. Nilikaa kimya kwa jambo jingine.

Nilikuambia mama yako alikufa kwa homa. Si homa. Modesta alikuwa na ugonjwa huu huu nilio nao mimi. Ulimshika vidole, kisha magoti. Ulikuwa mwaka ule wa njaa, kabla kidogo ya Uhuru. Mtawa wa zahanati akampa vidonge vyeupe, akamwambia vizuri tu, kula kwanza. Alimwambia mbele yangu. Hakuna wa kumlaumu.

Chakula chenyewe kilikuwa bakuli moja moja la uji kwa siku. Na wewe ulikuwa umetoka kuugua surua, umebaki macho. Mama yako alikuwa anakupa uji wake. Anasema ameshakula jikoni. Kisha anameza vidonge na maji, maana bila vidonge jembe halishikiki, na bila jembe hakuna hata hilo bakuli.

Mimi nilijua. Nilimwona, Severini, si mara moja. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka upone.

Asubuhi moja alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Jioni ikawa damu. Wanaume walimbeba kwa machela kumshusha mjini, nikawa nawafuata nyuma na kanga zake. Alitukatikia njiani, hata Mzumbe hatujafika. Ulipouliza nikasema homa, na kila ulipouliza tena nikasema homa, mpaka na mimi nikawa naamini.

Kopo lako lilipofika nikavijua vidonge. Vyeupe vile vile. Sikukataa amri yako. Niliogopa. Na kukueleza ninachoogopa niliogopa zaidi, maana ungejua ni uji wa nani ulikuwa unakunywa.

Ulikuwa mtoto. Ulipewa, ukanywa. Hilo usinibishie.

Sasa nimesema. Mkono umechoka.

Paskalia


Dar es Salaam,
15 Juni 1975

Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, nikakaa chini pale pale sakafuni. Nimelia, sikufichi. Kwa siku mbili sikuweza kula, na siku ya tatu nikaona huku nako ni kumkosea marehemu, nikaenda nikala.

Nakumbuka uji ule. Ulikuwa na limau. Nakumbuka yeye amekaa mbele yangu, mikono kaikunja kwapani, ananihimiza nimalize. Miaka yote nilidhani alikuwa anasikia baridi.

Umeniambia nisikubishie, basi sibishi. Na wewe usinibishie hili: ulikuwa na mdogo wako mgonjwa na mtoto mgonjwa na bakuli moja. Hukumuua mtu. Ungekuwa wodini kwetu ningekukalisha kwenye kigoda na kukuambia hivyo mpaka uelewe.

Kuhusu vidonge sikudanganyi. Ni vile vile. Vikikuta tumbo tupu vinaweza kulichubua mpaka damu itoke. Nilifundishwa hilo, nililijua, nikakuandikia "baada ya chakula" kama vile chakula kinaanguka kutoka mbinguni, wala sikukuuliza kama kipo. Ndilo kosa lile lile nililomfanyia Bi Asha, na ni langu mara mbili. Kuogopa kwako ni akili, si ukaidi.

Nimemwambia Dokta Yunusi habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ukikubali, anza kidogo: siku uliyokula, viwili baada ya kula, tena kwa uji mzito au maziwa. Siku usiyokula, usimeze. Ukiona choo cheusi kama lami, au tumbo linakata, acha hapo hapo na ushuke zahanati. Vidole vilivyokwisha kulala siwezi kuvinyoosha, ningesema naweza ningekuwa mwongo. Vilivyobaki tunaweza kuvilinda. Agosti nina likizo, nitakuja kukuchukua, yeye mwenyewe akuone.

Hayo ni kama ukitaka. Usipotaka, nakuja vile vile, nimenye njegere.

Petro anakuletea kilo nne za ulezi. Ni za kwako peke yako. Mwambie Yustina zake ziko kwenye mfuko mwingine, ili asikutazame kwa jicho la njaa.

Mwanao, mwanao kabisa,
Severini


Mgeta,
6 Julai 1975

Mwanangu Severini,

Marahaba. Anaandika Yustina, safari hii bila kisingizio, na nimemruhusu kuweka la kwake popote apendapo.

Ulezi umefika, mifuko yote miwili. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Yustina alikwenda kwa Dominiko bila kunitaka ushauri, akamweleza habari yote ya mikono yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Dominiko akaja mwenyewe, meno mfukoni, akakaa, akaomba aione mikono. Nikamwonyesha. Jumapili kwenye mkutano akasema Paskalia kuanzia leo ni mtunza mbegu wa kijiji, kazi ya macho na akili, na aliyemwita kupe asimame amwombe radhi. Kijana kasimama. Nikamwambia nimekusamehe, ila mjomba wako nimemwacha pale pale nilipomweka. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Agosti njoo. Nitashuka na wewe kwa huyo Dokta wako. Lakini awe amesalimu kwanza.

Sasa la jana. Niliamka nikaloweka mikono kama ulivyosema. Yustina akanipikia uji wa ulezi, mzito, na maziwa ya kwake. Nikakaa kuunywa. Nilipofika nusu nikalisogeza bakuli kando. Yustina akauliza, "Umeshiba?" Nikasema hapana. "Sasa unamwekea nani?" Nikautazama mkono. Mkono umezoea tu, tangu mwaka ule, nusu naiweka, hata nikiwa peke yangu nyumbani.

Mimi Yustina naongeza: hapo alilia sana.

Nililia. Kisha nikajiambia Modesta hayupo, na mtoto wetu yuko Dar, mtu mzima, ana ndevu, amekula. Nikalivuta bakuli nikanywa mpaka chini. Nikalitazama. Halafu nikamwambia Yustina afungue kopo, na nikameza vidonge viwili.

Tulikaa mlangoni kutwa nzima, yeye ananitazama mdomo kama mtu anayengoja mtoto aongee. Sikutapika. Tumbo lilinguruma mara moja, tukashikana, kumbe ni njaa. Nikala tena.

Mamako,
Paskalia